Maneno Mawili ya Mtu wa Kati

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipopewa kidonge cha rangi kilikuwa kukipasua kwa ukucha nione ndani kuna nini. Kilikuwa mviringo, kikubwa kidogo kuliko punje ya njugu mawe, na ngozi yake laini ilifanana na ile ya vidonge vya hospitali vya rangi mbili. Ndani mlikuwa na uji wa rangi ya machungwa, mzito, wenye mafuta. Niliulamba. Ulikuwa na utamu wa mbali, kisha ukaacha uchungu kwenye koo kama mtu aliyemeza panadoli bila maji. Mwenye uwanja wa mchezo wa rangi aliniangalia mpaka nikamaliza, akasema watu wote huuliza kwanza kama kidonge kinauma kikikupiga, na mimi ndiye wa kwanza kutaka kujua kama kinaliwa.

Niliacha shule darasa la sita. Sikuwa mjinga, na nyumbani hatukukosa kitu hata niache. Niliketishwa karibu na dirisha tu, na nje ya dirisha ilipita barabara kuu ya Makambako. Lori lilikuwa likipita na mzigo uliofunikwa turubai, nami nikawa siwezi kusikia tena mwalimu anasema nini mpaka nijue chini ya turubai kuna nini. Baadaye nikawa utingo, nikajua. Mara nyingi huwa ni mahindi. Nimefunga tumbaku Namtumbo, nimechuma kahawa Mbinga, nimepakua dagaa Mbamba Bay. Songea nilifika na lori la mbolea, nikashuka Msamala kunywa chai, nikaona tanuri la matofali linawashwa. Sikuwa nimewahi kuona tanuri likiwashwa tangu mwanzo hadi mwisho. Lori likaondoka bila mimi.

Mwenye tanuri alikuwa mzee wa Kingoni, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, ingawa hakuwa mwanakwaya. Alinipa kazi ya kupanga matofali mabichi, na kwa kuwa hakujali nilikuwa nani kabla ya hapo, akaniita Msafiri, jina likabaki.

Upande wa pili wa uzio wake kulikuwa na uwanja wa mchezo wa rangi. Jamaa aliyekuwa na uwanja huo aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam kwenye sehemu ya mchezo kama huo. Sehemu ile ilipofungwa alinunua bunduki chakavu za kurushia vidonge vya rangi, mitungi yake ya hewa na barakoa za plastiki zinazofunika uso mzima, akarudi navyo kwao ndani ya buti la basi. Alipanga matairi ya lori, mapipa na magunia ya mchanga kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, akaalika watu wapigane rangi. Mwanzoni waliokuja walikuwa watumishi wa ofisini, siku za Jumamosi, wakipiga picha kuliko kupiga bunduki. Vidonge vyao vilivyopotea vilivuka uzio na kutua kwenye matofali mabichi ya Mzee. Tofali bichi likipigwa na kidonge linabaki na shimo, na ndani ya shimo doa la machungwa.

Mzee alikwenda kulalamika. Nilimfuata, kwa sababu nilitaka kuona atalalamikaje. Alifika pale, akasimama nyuma ya uzio, akawaangalia wale watumishi wakikimbia, na malalamiko yakamtoka kichwani. Aliuliza kwa nini wote wanakimbia mbele, na huku nyuma nani anayeangalia. Mwenye uwanja akampa barakoa, akamwambia aingie aangalie yeye. Hivyo ndivyo Mzee alivyokuwa mtu wa nyuma.

Mtu wa mbele alipatikana kwa njia ya pikipiki. Alikuwa kijana wa bodaboda aliyeleta wateja uwanjani na akawa haondoki. Kwao ni Mbinga, milimani, Mmatengo, mfupi na mwembamba, na alikuwa na namna ya kukimbia akiwa amejikunja kiasi kwamba ungedhani anatafuta sarafu iliyomdondoka. Mchezo wetu ulikuwa wa watu watatu kwa watatu. Katikati ya uwanja kunatundikwa kitambaa, anayekichukua na kukifikisha upande wa wenzake ameshinda. Ukipigwa na kidonge kikapasuka mwilini, unainua mkono juu, unatoka. Kikikudunda bila kupasuka, unaendelea. Wa mbele alikuwapo, wa nyuma alikuwapo. Nikapewa katikati kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwa imebaki.

Nilidhani katikati ni nafasi ya mtu asiyejua kitu. Ilinichukua kiangazi kizima kuelewa ni kitu gani. Mtu wa mbele yuko karibu sana na adui, kwa hiyo haoni. Anaona pipa lake na kipande kidogo cha dunia pembeni ya pipa. Mtu wa nyuma anaona uwanja wote, ila yuko mbali, na kelele za bunduki na barakoa iliyobana masikio zinamla sauti. Wa kati anachukua kinachoonwa na wa nyuma anampa wa mbele. Anaziba pengo adui asipite. Wa mbele akitoka, yeye ndiye anayekwenda kukaa mahali pake pa kufia. Kwa hiyo nilikuwa nusu bomba la maji na nusu mrithi.

Mwenye uwanja, aliyekuwa kocha wetu pia, alinifundisha kanuni moja. Alisema mtu wa kati ana maneno mawili tu. "Kushoto, wawili. Pipa, mmoja. La tatu utalisemea nje." Akanitaka nikikabidhiwa sentensi ndefu kutoka nyuma, niikate ibaki na mfupa. Nilifurahia kazi hiyo kuliko kupiga bunduki. Nilikuwa nikijiuliza neno likiingia kwa mtu na kutokea upande wa pili, ni nini kinachopungua njiani, na kama kilichopungua kinakwenda wapi.

Mwezi wa saba Songea kuna baridi, na vidonge huwa vigumu vikapasukia ndani ya mtutu. Mzee alikuwa anavilaza karibu na tanuri, si karibu sana, kwa sababu vikipata joto vinavimba na kukwama. Mmatengo alivibeba ndani ya koti, chini ya kwapa. Siku moja vilimpasukia humo humo akiwa amebeba abiria, akafika stendi akiwa na kwapa la machungwa. Mzee hakuacha kumcheka wiki nzima.

Hapo ndipo niseme kuhusu utani, maana ndio uliotufanya tuwe timu. Wangoni na Wamatengo ni watani. Zamani Wangoni walivamia, Wamatengo wakakimbilia mapangoni, na mpaka leo wanakumbushana hilo kwenye misiba, kwenye harusi na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwetu walikumbushana juu ya kichwa changu. Mzee alipoona Mmatengo amekaa nyuma ya pipa muda mrefu, alikuwa akinguruma kutoka nyuma, "Mtani, hilo ni pipa, si pango. Toka, babu zangu walishakwenda nyumbani." Na yule alijibu bila kugeuka kwamba babu zake Mzee walikuja na mikuki kutafuta ng'ombe, sasa mjukuu amejibanza nyuma kabisa na matofali yake. Timu za wenzetu zilicheka hadi zikakosa shabaha. Mimi nilichogundua ni kwamba ndani ya kila utani mlikuwa na habari. Akimwambia pango, maana yake njia iko wazi. Akimwambia unanuka kahawa, maana yake umeonekana. Mzee hakuwahi kumpa kijana amri hata moja, kwa kuwa utani ulifanya kazi yote, na mara nyingi nilikuwa sina la kukata.

Kisha kijana akanijia nikiwa namwagia matofali maji, akakaa juu ya toroli akanyamaza. Kwa mtu wa bodaboda huo ni ugonjwa. Nikamuuliza kuna nini. Akasema anamtaka binti wa Mzee.

Nilimjua binti huyo. Ndiye aliyetuletea ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga, saa za mchana, na nilikuwa nimeshangaa kwa nini saa zile Mmatengo hapati wateja kabisa. Kijana alisema wameelewana, kilichobaki ni wazee. Baba yake alikwisha kufariki, baba mdogo wake yuko milimani na mguu mbovu. Alikuwa anatafuta mshenga, mtu wa kwenda kwa Mzee kusema kwa niaba yake. Nikamwambia mshenga huwa mtu mzima mwenye nyumba na mke. Mimi nina begi moja.

"Kaka," akasema, "wewe kazi yako ni ipi pale katikati?"

Nikakubali. Halafu, kusema kweli, nilitaka kuona posa inavyopelekwa, maana katika kutembea kwangu kote sikuwahi kuiona kutoka ndani.

Baba mdogo alinielekeza kwa simu. Kwao, mshenga anakwenda na jembe jipya lisilo na mpini. Analiweka chini, anasema ametumwa, anaondoka bila kula. Wakikataa, jembe linarudishwa kama lilivyo. Wakikubali, wao wenyewe wanalitia mpini. Nilivaa shati la kuazima nikaenda. Mzee, ambaye saa chache kabla alikuwa ameniamuru nihamishe kuni, alinipokea sebuleni kama mgeni kutoka mbali, akanikaribisha kiti, akasikiliza. Nilipomaliza alilitazama jembe. Akasema ujumbe umefika. Akaliegemeza nyuma ya mlango. Kesho yake asubuhi aliniamuru nihamishe kuni zilezile.

Lakini uwanjani kitu kilikufa. Baba mkwe na mkwe hawataniani. Wanaheshimiana, wanapishana kwa adabu, mmoja hapigi kelele mbele ya mwingine. Na hawa wawili walikuwa bado hawajawa hivyo, wala hawakuwa tena watani. Walikuwa pahali pasipo na jina. Zoezi la kwanza baada ya posa, kijana alimwamkia Mzee shikamoo huku amevua barakoa na kuinama, na Mzee akajibu marahaba akiangalia mtungi wa hewa. Ndani ya uwanja pakawa kimya. Mmatengo alikaa nyuma ya pipa, njia ikiwa wazi kabisa, na hakuna aliyemwambia pango. Alipigwa. Zamu iliyofuata hakutaka hata kuvuka mbele ya Mzee kumpa mgongo, akazunguka uwanja mzima kwenda kwenye nafasi yake, kipenga kikalia bado yuko njiani.

Ikabidi yote yapite kwangu. Mzee aliniita kwa sauti ya chini, sauti ya sebuleni. "Msafiri, mwambie huyo kijana kwamba kushoto kwake, nyuma ya yale magunia, naona kama kuna mtu." Naye alikuwa akimaliza sentensi, mtu wa magunia amekwisha kuhama. Nilikata, nilirusha, nilikata tena. Sijawahi kufanya kazi kama ile. Jioni sauti ilikuwa imeniisha.

Wiki zikapita. Kila asubuhi niliingia kwa Mzee kuchukua toroli, na kila asubuhi nilitupia jicho nyuma ya mlango, kando ya magunia ya mahindi. Jembe lilikuwa pale, halina mpini. Halikurudishwa wala halikuguswa tena. Kijana aliniuliza kila siku kwa macho tu, nami nilimjibu kwa kichwa. Alianza kukonda, mtu ambaye hakuwa na cha kukonda. Binti aliendelea kuleta ugali, ila sasa aliuweka kwenye tofali na kuondoka bila kutazama upande wowote.

Nilimuuliza mwenye uwanja, maana naye ni Mngoni, kwa nini Mzee hasemi. Alisema huenda anawasubiri ndugu. Akaongeza kwamba nisihangaike na jembe, nisikilize mdomo. "Akimrudia na utani, ujue basi, amemrudisha kuwa mtani tu. Hapo usisubiri mpini."

Baada ya hapo nilisikiliza mdomo wa Mzee kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote. Alikuwa akisema huyo kijana. Huyo kijana asogee. Huyo kijana ameishiwa vidonge. Lilikuwa neno lililosuguliwa hadi halina ladha. Mara mbili tatu niliona, barakoa ikiwa juu ya paji, mdomo wake ukifunguka na kicheko kikimpanda kooni, pale kijana alipojikwaa au kujipaka rangi mwenyewe. Na mara zote alifunga mdomo. Sikujua anajizuia kwa sababu amekubali au kwa sababu hajaamua.

Mashindano yalifanyika Msamala palepale, Jumapili baada ya misa, upepo wa kiangazi ukivuruga vumbi. Zilikuja timu kutoka Iringa na Mbeya, vijana wenye bunduki ambazo hazijafungwa kwa waya kama zetu. Zawadi ilikuwa barakoa mpya, kitu ambacho sisi tulikitamani kweli, kwani kupitia za kwetu zilizokwaruzika dunia yote ilionekana kama asubuhi yenye ukungu. Watu walipanda juu ya matofali ya Mzee kuangalia. Kati yao alikuwamo mama mmoja mnene aliyevaa kitenge cha kwenda kanisani, aliyeletewa kiti na kukipandisha juu ya rundo, akakaa kama yuko kwake. Sikumjua.

Iringa tuliwatoa. Sijui vizuri tuliwatoaje. Nakumbuka tu kwamba kijana alikimbia kama mtu aliyechoka kusubiri. Tukaingia fainali na Mbeya.

Mapema kabisa kijana akampiga mmoja wao kifuani, wakabaki wawili, sisi watatu. Alikuwa kwenye pipa la mwisho, hatua chache tu kutoka kwenye kitambaa. Nilikuwa nyuma yake kwenye matairi, Mzee nyuma yangu kwenye magunia. Vidonge vilikuwa vikipiga tairi langu kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikaona kidole cha kijana kimeanza kuchezacheza kwenye ukingo wa pipa, nikajua anataka kuruka. Kulia kwake palikuwa na ukuta wa magunia, na matairi yangu yalinizuia nisione nyuma ya ukuta huo.

Mzee aliona. Nilijua kwa sababu nilimsikia akivuta pumzi. Ilikuwa ile pumzi ya zamani, ya kujaza kifua, iliyokuwa inatangulia pango na babu na mikuki. Nilisubiri. Ungeniuliza wakati ule nilikuwa natamani nini nisingejua. Utani ungefika hadi pale mbele kwa sauti moja, bila kupitia kwangu, na kijana angejitupa chini, na tungeshinda. Na jembe lingerudi.

Pumzi ikakaa. Kisha ikatoka taratibu, na sauti iliyofuata ilikuwa ya sebuleni.

"Msafiri. Mwambie mkwe wangu, kulia kwake kuna mtu."

Nilikuwa na mfupa mkononi tayari. Kulia, mmoja. Kiangazi kizima nilikuwa nimefundishwa kukata, na hapa palikuwa pahali pa kukata. Lakini neno lile lilikuwa limekaa katikati ya sentensi kama jiwe katikati ya mchele, na sikuweza kulipitisha wala kulitoa. Nilitaka pia kujua uso wake utakuwaje.

"Anasema mkwe wake," nikapaza sauti, "kulia kwako kuna mtu."

Kijana hakugeukia kulia. Aligeuka nyuma. Barakoa yake ilipita juu yangu kana kwamba mimi ni tairi mojawapo, ikaenda moja kwa moja kwa Mzee, ikabaki huko. Yule wa Mbeya akatokeza kulia na kummwagia vidonge vya kutosha, begani na shingoni, vyote vikapasuka vizuri. Kijana akainua mkono. Alitoka uwanjani akitembea polepole, mkono juu, kama mtu anayeaga watu kwenye basi, na alipopita karibu nami nilisikia ndani ya barakoa yake anacheka, au analia; plastiki ile huchanganya.

Nilikwenda kwenye pipa lake kama inavyotakiwa. Sikudumu. Mzee alibaki peke yake na wawili, akapiga kwa heshima yake yote, mwishowe naye akainua mkono. Mbeya wakachukua kitambaa na barakoa.

Mwenye uwanja alinisubiri nje akiwa amekunja uso. Alinikumbusha maneno mawili. Aliniuliza kama shule niliyoacha ilinifundisha hata kuhesabu mpaka mbili. Nilikuwa bado namsikiliza nilipoona yule mama wa kitenge anashuka kwenye matofali, akishikiliwa mkono na binti wa Mzee, anakuja upande wetu. Mzee alimwona, akaanza kufuta rangi kwenye buti lake, kazi ambayo hajawahi kuifanya.

Alikuwa dada yake mkubwa, kutoka Maposeni. Ndiye shangazi aliyekuwa anasubiriwa. Alikuwa ameahidi kuja kuzungumza habari ya jembe akimaliza kupukuchua mahindi yake, na bila yeye hakuna aliyeruhusiwa kutamka lolote. Alikuwa amefika asubuhi ile, na mazungumzo yalipangwa jioni.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia kuanzia chini.

"Wewe ndiye mshenga?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu mdogo wangu kasema nini kule ndani? Mimi nilisikia, ila nataka nisikie kwako."

Nilimtazama Mzee. Alikuwa amezama kwenye buti. Kijana alikuwa amesimama pembeni, rangi ya machungwa ikimchuruzika shingoni, hajaifuta. Binti alikuwa anaangalia chini, lakini sijawahi kuona mtu anayesikiliza kwa namna ile. Niliona ningeweza kusema kulia, mmoja, na ikawa kweli kabisa.

"Amesema nimwambie mkwe wake, kulia kwake kuna mtu."

"Kasema mkwe."

"Kasema mkwe, mama."

"Na wewe ukafikisha."

"Nikafikisha."

"Huyu bwana wa uwanja analalamika kwamba kazi yako ni kukata maneno. Hilo kwa nini hukulikata?"

Sikuwa nimejiandaa, kwa hiyo nikasema kweli. "Nilitaka kuona akilisikia itakuwaje."

"Ikawaje?"

"Akapigwa, mama."

Aligeuka akamtazama kijana na bega lake. Tumbo lake lilianza kutikisika kabla ya uso, na kicheko kilipofika juu alikuwa amekwisha kumgeukia Mzee. Alimwambia kwamba tangu mahindi yako shambani Mzee amekuwa akimpigia simu aje wazungumze, sasa yeye dada amepanda gari, amekuja, na mdogo wake amemaliza mwenyewe, mbele ya watu wa Mbeya, akiwa na bunduki mkononi.

"Limenitoka, dada," Mzee akasema. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akiongea kama mtoto.

"Limetoka mbele za watu. Tukilirudisha leo, sisi ndio tutaonekana hatuna adabu." Akashika kiuno. "Ungekuwa umemtania hapo, posa ingekufa, nami ningelala bila mazungumzo. Katafute mpini."

Kisha akaninyooshea kidole, akasema nami nisiende popote. Alikuwa amesikia kwamba nimeshaulizia malori ya Tunduru, kwa ajili ya msimu wa korosho. Alitaka kujua, hawa wawili wakigombana katika ndoa yao, atakayeitwa ni nani, aje kusema nini, kama mshenga yuko Tunduru. Sikujua kwamba kazi hiyo haiishi. Hakuna aliyeniambia wakati ule wa toroli.

Asubuhi nilipokwenda kuchukua vifaa nilimkuta Mzee amekaa kizingitini na tawi la mpera magotini, analichonga kwa panga. Alilipima kwenye tundu la jembe, likakataa, akachonga tena. Nilisimama kuangalia. Nilitaka kuona anamaliziaje, kama anapigilia kwa chini au kwa juu. Aliniuliza kama matofali yatajipanga yenyewe.

Bado tunacheza. Harusi imefanyika, vidonge vimepanda bei, mwenye uwanja ameongeza mapipa. Wakati mwingine natafakari ule utani wote ulikwenda wapi, kwani haukuisha. Nadhani kiasi fulani kimehamia kwangu. Mzee siku hizi ananiambia kwamba upepo wa Makambako ndio ulionipeperusha hadi kwake, na kwamba yeye alisahau kunifungia dirisha. Kijana naye amehamishia wa kwake kwa mashemeji, na wanastahili.

Juzi tulikuwa tunajiandaa kwa zoezi, tumesimama watatu kando ya tanuri, karibu kiasi cha kugusana viwiko. Mzee alichungulia kibweta cha vidonge cha kijana.

"Msafiri," akasema, "mwambie mkwe wangu vidonge vyake vimevimba, avibadilishe."

Kijana alikuwa amesikia. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko. Lakini ukasimama hapo, naye akasimama, macho chini, akinisubiri.

"Vidonge, vimevimba," nikamwambia.

"Mwambie baba nimesikia, navibadilisha sasa hivi."

Nikageuka kumwambia.